Unaenda Guangzhou mara ya kwanza? Soma hapa jinsi ya kuunganisha treni za chini ya ardhi

Wadau habari zenu. Mdogo wangu wa dukani anaenda China mwezi ujao kufata mzigo, mara yake ya kwanza, juzi kaniuliza "dada hizo treni za chini ya ardhi zinapandwaje?" nikaanza kumwelezea, wateja wakaingia, maelezo yakaishia njiani. Kwaiyo nimeona bora niandike yote hapa asome na wengine wasome, maana Kariakoo hii kila siku kuna mtu anapanda ndege kwenda Guangzhou hajui hata stesheni moja, na wengi nawajua wanaishia kupanda teksi wiki nzima kwa woga tu, hela ya pea nzima za viatu inaishia kwa dereva.

Treni yenyewe haina shida kabisa. Ukishakaa ndani umemaliza, inakwenda, inasimama, inatangaza. Kazi iko kwenye zile stesheni za kuunganishia, pale laini mbili au tatu zinapokutana. Hapo ndo watu wazima wenye maduka yao wanazunguka nusu saa na begi kama watoto waliopotea Sabasaba.

Lakini kuunganisha gari si tunajua wote jamani. Umetoka Kimara unaenda Posta kwa mabasi ya mwendokasi hapa Dar, limekuja la Gerezani halijajaa, unapanda, unashuka Fire, unasubiri la Kivukoni palepale, hukati tiketi nyingine kwa sababu hujatoka getini. Basi ndo hivohivo. Chukua kituo cha Fire, kizamishe chini ya ardhi, laini moja ipite juu na nyingine ipite chini yake, katikati weka ngazi za umeme na makorido marefu na watu wanatembea kama wamechelewa wote. Nauli unalipa mara moja tu, inahesabiwa kutoka stesheni uliyoingilia mpaka utakayotokea, hata ukibadilisha treni mara tatu humo katikati hakuna anayekudai kitu. Hilo ulishike kabla ya mengine yote, maana mimi kosa langu la kwanza nililifanya hapohapo.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza, nimefika stesheni ya Guangzhou Huochezhan, natakiwa nishuke laini 2 nichukue laini 5. Mlango umefunguka watu wakamwagika, na mimi kwa akili yangu ya Kariakoo nikasema wanapoelekea wengi ndo penyewe, nikawafuata. Ngazi za umeme, korido, ngazi tena, tukafika kwenye mageti, wa mbele yangu katumbukiza tokeni yake (ndo tiketi yao ya plastiki) na mimi nikatumbukiza ya kwangu, geti likafunguka nikapita. Tokeni imeshamezwa. Kuangalia vizuri nipo nje kwenye ule uwanja mkubwa wa stesheni ya treni za mikoani, jua kali, begi mkononi, na wale niliokuwa nawafuata walikuwa wanakwenda kusafiri zao makwao huko. Mimi nilikuwa nakwenda Xiaobei, stesheni moja tu mbele! Nikarudi chini, nikapanga foleni ya skana ya mabegi upya, nikanunua tokeni upya. Toka siku hiyo nikiwa kwenye stesheni ya kuunganishia sifuati mtu, nafuata namba.

Sasa tuanzie Dar kabla hujapanda ndege. Google Maps kule haifunguki bila VPN, WhatsApp pia haifunguki, kwaiyo usije ukasema nitaangalia nikifika. Pakua ramani ya metro (ndo hizo treni za chini ya ardhi) ya Guangzhou, ihifadhi kwenye picha za simu, na hakikisha ni ya karibuni maana wale wanafungua laini mpya kama sisi tunavyofungua maduka ya chipsi, mfano laini 11 inayozunguka mji kama duara ilifunguliwa Desemba 2024, ramani ya rafiki yako aliyeenda 2019 haina kitu hicho. Pakua na Alipay, ile app ya Wachina ya kulipia, ukiwa hapahapa, iunganishe na Visa au Mastercard ya benki yako, jaribu mpaka ikubali, kwa sababu itataka kukutumia meseji ya kuthibitisha na kama laini yako ya simu ya hapa haishiki mtandao kule utabaki unaangalia simu. Ndani ya Alipay kuna sehemu ya usafiri, unachagua mji wa Guangzhou inakupa ile QR code ya mraba ya kuskani getini, unaskani kuingia na unaskani kutoka, inajikata yenyewe. Na jambo la mwisho la simu: jina la hoteli yako, liwe kwa Kichina, maandishi yao yale yale, piga skrinishoti. Ukiliandika kwa herufi zetu halafu umwonyeshe mzee wa Kichina ni sawa na mtu akuonyeshe wewe Kiarabu akuulize Buguruni Sheli iko wapi.

Kama hutaki mambo ya simu, tokeni. Kwenye mashine kuna kitufe cha Kiingereza, ukibonyeza unagusa laini unayokwenda, unagusa stesheni unayoshukia, unachagua mko wangapi, inakuambia bei. Weka noti ndogondogo na sarafu, ile noti ya mia usitegemee mashine iipokee, nenda kaivunje kwa mhudumu au nunua maji dukani upate chenji. Nauli inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza halafu inapanda polepole kadiri unavyokwenda mbali, kutoka airport mpaka Xiaobei kote kule haifiki yuan 10, linganisha mwenyewe na teksi. Inatoka tokeni ya plastiki ya duara kama kifungo kikubwa cha koti. Kuingia unaigusisha tu juu ya geti, unabaki nayo. Kutoka unaitumbukiza kwenye tundu, inabaki huko. Usiichanganye na sarafu kwenye pochi, itakutoa jasho getini na nyuma yako kuna foleni, iweke mfuko wa peke yake.

Kabla ya mageti kuna skana ya mabegi, kila stesheni, kila ukiingia. Kama umeshapanda SGR pale Stesheni unaijua habari yake. Sisi wafanyabiashara tatizo letu ni kile kikisu cha kukatia kamba na gundi za maboksi, tunakisahau kwenye mkoba wa pembeni, kinaonekana, kinachukuliwa, na Mchina hana muda wa kusikiliza kwamba unafunga mzigo. Kiache hotelini. Zile chupa za kupuliza za dawa ya mbu na vitu vinavyoshika moto nazo hazipendwi. Na lile begi letu la shangazi kaja likiwa limejaa mpaka zipu inalia, limefungwa kamba, wanaweza kukurudisha, mzigo mkubwa mpe mtu wa kago, metro ni ya abiria.

Haya, sasa umeingia. Tuongee vibao.

Kila laini ina namba na rangi. Laini 2 ni bluu, laini 3 ni ya machungwa, laini 5 ni nyekundu, laini 1 ni njano. Rangi hiyo utaiona kwenye kibao juu, ukutani, na stesheni nyingine mpaka chini sakafuni kuna mishale. Wewe ukishuka treni, kabla hujapiga hatua, simama pembeni (pembeni, siyo mlangoni, utasukumwa) inua kichwa tafuta namba ya laini unayoihamia. Kibao cha kuhamia kimeandikwa Transfer na namba. Kibao cha kutoka nje kimeandikwa Exit, na ile herufi yao ya kutoka ukiitazama inafanana na milima miwili imepandishwa mmoja juu ya mwingine. Ukiona milima miwili na wewe bado hujafika unakokwenda, hiyo siyo njia yako, geuka. Hapo ndo mimi ningejiokoa siku ile kama ningejua.

Ukishaipata laini kuna swali la pili ambalo wengi wanalisahau: upande upi? Laini ni moja lakini treni zinakwenda pande mbili. Na upande hauandikwi jina la unakoshuka wewe, unaandikwa jina la mwisho wa laini. Hii kwa mtu wa Dar haitakiwi kumsumbua hata kidogo, daladala imeandikwa Mbagala Kariakoo, wewe unashuka Mtoni, hujawahi kutafuta daladala iliyoandikwa Mtoni. Unajua tu la kwenda Mbagala linapita kwangu. Basi kwenye ramani weka kidole kwenye stesheni uliyopo, kipeleke mpaka stesheni unayokwenda, usiishie hapo, endelea mpaka mwisho kabisa wa ile rangi, lile jina la mwisho ndo unalolitafuta kwenye kibao. Liandike kwenye karatasi. Mimi mpaka leo naandika kikaratasi, mwanangu ananicheka, lakini betri ikiisha kikaratasi kinasomeka.

Kikaratasi changu cha airport kwenda Xiaobei kiko hivi, na Watanzania wengi wa mara ya kwanza wanafikia Xiaobei kwaiyo mfano huu utawafaa.

Umetoka airport ya Baiyun. Terminal 1 stesheni yake inaitwa Airport South, Terminal 2 inaitwa Airport North, zote ni laini 3, ya machungwa. Airport North ndo mwanzo wa laini, hapo huna wasiwasi wa upande, zote zinakwenda mjini, ila ukiwa Airport South angalia usipande inayokwenda Airport North. Panda. Hiyo treni ina mbio, kilomita 120 kwa saa inafika, masikio yanaziba kidogo. Hesabu: Gaozeng, Renhe, Longgui, halafu Jiahewanggang. Unashuka Jiahewanggang. Najua jina halitamkiki, sikiliza "jiahe" inatosha, na juu ya mlango kuna taa zinaonyesha umefika wapi. Matangazo wanatangaza kwa lugha tatu, Kichina cha taifa, Kikantoni cha pale kwao, halafu Kiingereza, kwaiyo subiri mpaka ya tatu usikate tamaa na mbili za kwanza.

Jiahewanggang ni stesheni yangu ya kuunganishia ninayoipenda na ninayoiogopa. Naipenda kwa sababu laini 2, ya bluu, inaanzia hapo, treni inakuja tupu. Wale wa Mbagala mnaogeuza na gari asubuhi ili mpate siti mnanielewa. Ukiwa umetoka kukaa kwenye ndege masaa kumi na kitu, miguu imevimba, ukaipata siti ya Jiahewanggang utamshukuru Mungu. Naiogopa kwa sababu asubuhi siku za kazi pale pana watu jamani, mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi ni mtoto, wanawekewa mpaka vizuizi wazunguke kupunguza msukumano. Ndege ikitua alfajiri na una mabegi mawili kaa airport kunywa chai, ondoka baada ya saa tatu.

Fuata namba 2, rangi ya bluu. Upande ni Guangzhou South Railway Station, huo ndo mwisho wake wa pili. Utapita Huangbian, Jiangxia, na kadhalika mpaka Sanyuanli, ukisikia Sanyuanli simama jiandae, inayofuata ni Guangzhou Railway Station, kwa Kichina utasikia Guangzhou Huochezhan. Unashuka. Sasa hapa ndo kwenye mtego niliowaambia. Watu wengi watapanda juu kutoka. Wewe kaa pembeni, tafuta namba 5 nyekundu. Utatembea korido, usiogope urefu wake, namba 5 ikiwa bado inaonekana mbele upo sawa, ikipotea rudi mpaka ulipoiona mara ya mwisho uanze tena hapo. Mkoba uuweke mbele kifuani, ile abiria chunga mzigo wako ya Ubungo inafaa na kule.

Umefika laini 5. Upande: mwisho mmoja ni Jiaokou, wa pili Huangpu New Port. Xiaobei iko upande wa Huangpu New Port. Unapanda, stesheni ya kwanza kabisa ni Xiaobei, usikae hata kwenye siti. Ukisikia au kuona Xicun umepanda kinyume. Siyo msiba. Shuka, vuka upande wa pili, panda ya kurudi, hujatoka getini hujalipa kitu. Watu wanapanik hapo wanakimbilia kutoka nje wanapanda teksi, kosa la dakika tano linakuwa la yuan kadhaa.

Pale Xiaobei usitoke kabla hujajua herufi ya mlango. Kila stesheni ina milango ya kutokea A, B, C, D, nyingine zaidi, na ukutani karibu na mageti kuna ramani ya mtaa wa juu inayoonyesha kila herufi inatokea wapi. Muulize mwenyeji wako au hoteli kabla, "natokea mlango gani?", ni swali dogo lakini pale juu ni barabara ya Huanshi, kubwa, ina daraja juu yake, ukitokea ng'ambo siyo ya kwako na mabegi utatafuta pa kuvukia mpaka ulie. Wengi mnakwenda maeneo ya jengo la Tianxiu, lipo hukohuko Huanshi. Na mkononi au mfukoni uwe na pasipoti, pasipoti yenyewe, maeneo hayo polisi wanakagua wageni na kule sheria inataka mgeni atembee nayo.

Majina nayo yana mitego yake. Guangzhou kuna stesheni kubwa za treni zaidi ya moja na majina yanafanana mpaka yanaudhi. Ipo Guangzhou Railway Station tuliyoongea, laini 2 na 5. Ipo Guangzhou East, laini 1 na 3. Ipo Guangzhou South yenye treni nyingi za mwendo kasi, zikiwemo za kwenda Shenzhen na Hong Kong, laini 2 inafika huko mwisho kabisa, mbali, siyo sehemu ya kwenda kwa kubahatisha. Jifunze maneno manne tu ya Kichina yatakuokoa: dong mashariki, xi magharibi, nan kusini, bei kaskazini. Huochezhan ni stesheni ya treni. Ukisikia Guangzhou Nan ni ile ya kusini, Guangzhou Dong ya mashariki.

Na kichekesho kingine, kuna Xiaogang mbili. Moja iko laini 2 huko kaskazini, nyingine iko laini 8 upande wa kusini wa mto. Kwa Kichina zimeandikwa tofauti kabisa lakini kwa herufi zetu zote Xiaogang. Mwenzangu mmoja tulipanga tukutane Xiaogang asubuhi, mimi niko moja yeye yuko nyingine, kila mtu anamtumia mwenzake meseji "nimefika uko wapi" tukakaribia kugombana. Ukipanga kukutana na mtu taja laini, stesheni na herufi ya mlango. Laini 2 Sanyuanli mlango fulani. Siyo "tukutane Sanyuanli", hiyo ni sawa na kusema tukutane Kariakoo.

Adabu za mle ndani ni fupi. Pale inaposimama treni kuna ukuta wa vioo wenye milango, mishale ya chini inaonyesha wanaoshuka wanapita katikati na wanaopanda wanakaa pembeni. Waache washuke. Kile kitaa kikiwaka na mlio ukianza kulia mlango unafungwa, usiuzuie kwa mkono kama tunavyofanya mwendokasi, nyingine inakuja dakika chache tu, kule hakuna habari ya kusubiri basi nusu saa. Kula ndani ya treni hairuhusiwi, kwaiyo yale mahindi ya kuchemsha uliyonunua nje yamalize kwanza. Msongamano wao ni asubuhi kuanzia kama saa moja na nusu mpaka saa tatu, jioni kuanzia saa kumi na moja na kitu mpaka saa moja. Panga kwenda masoko katikati ya hapo, hata hivyo maduka mengine ya jumla asubuhi sana bado wanafagia.

Kuna stesheni kama Gongyuanqian, laini 1 na 2 zinapokutana, utashangaa milango inafunguka pande zote mbili za treni. Usishtuke, wamefanya hivyo wanaoshuka na wanaopanda wasigongane, wewe angalia wenzako wanashukia upande gani, hapo nakuruhusu kufuata watu hatua kumi tu kisha urudi kwenye namba zako. Tiyu Xilu, laini 1 na 3, hiyo jioni ikwepe kabisa kama unaweza.

Kwa wale mnaouliza masoko yako laini gani, nitaje haraka haraka. Pochi na mabegi ni Sanyuanli, laini 2. Nguo za Baima pamoja na saa na viatu vya Zhanxi, unashukia hapohapo Guangzhou Railway Station. Midoli na mapambo ya mtaa wa Yide, unakwenda laini 2 mpaka Haizhu Square, hapo unaweza kutoka utembee au uunganishe laini 6 inayo stesheni ya Yide Lu, mimi natembea. Maonyesho ya Canton Fair ya Aprili na Oktoba yako Pazhou, laini 8, ukitokea Xiaobei panda laini 5 stesheni moja kurudi Guangzhou Railway Station, chukua laini 2 ya kuelekea Guangzhou South mpaka Changgang, hapo unganisha laini 8 mpaka Xingangdong au Pazhou. Njiani laini 8 utapita ile Xiaogang ya pili, utanikumbuka. Siku za maonyesho Changgang panajaa, watu wa mataifa yote wana makadi shingoni, hapo tena utashawishika kuwafuata. Angalia namba. Wale wa fenicha na vigae vya Foshan, ipo laini inayounganisha Guangzhou na Foshan toka 2010, inaitwa Guangfo, unaweza kuidaka Nanzhou ukitokea laini 2 au Xilang ukitokea laini 1, ila ukifika Foshan kwenye fenicha zenyewe bado utahitaji gari.

Usiku. Treni siyo za saa ishirini na nne, zinaanza kama saa kumi na mbili asubuhi na kuelekea saa tano usiku zinaanza kuisha moja baada ya nyingine. Hapa ndo kuunganisha kunakuwa na hatari yake, kwa sababu treni ya mwisho ya laini uliyopo haina uhusiano na treni ya mwisho ya laini unayoihamia. Unaweza ukaidaka ya mwisho ya laini 3 unafurahi, ukafika Jiahewanggang ukakuta ya laini 2 imeshaondoka, taa zinazimwa na mlinzi anakuonyesha mlango. Kila sehemu ya kupandia kuna kibao cha muda wa treni ya mwisho, angalia wa ile laini ya mwisho kabisa unayoihitaji, hesabu kurudi nyuma. Ndege ikitua baada ya saa nne usiku wala usijisumbue, kwa sababu mpaka umalize uhamiaji na mabegi muda umekwisha, chukua teksi ya foleni rasmi siku hiyo. Na saa ya simu iache ijibadilishe yenyewe, wao wako mbele yetu saa tano, saa sita mchana ya hapa kwao ni saa kumi na moja jioni, nimeshawahi kumpigia mtu wa kiwandani kwa saa ya Dar ameshafunga ofisi.

Ukikwama kweli, getini kuna kibanda cha wahudumu, nenda na simu yako yenye maandishi ya Kichina, onyesha, wataonyesha kwa kidole. Tokeni ikikataa kutoka mara nyingi ni kwamba umezidisha safari, ulilipia karibu ukaenda mbali, hapo kibandani unaongezea ile tofauti unapita, hakuna kesi. Lifti zipo, alama ya lifti inaonekana kwenye vibao, kwa mwenye mabegi mazito zitafute hata kama ziko mbali, zile ngazi za umeme na begi la kilo 23 nimeona mama mmoja begi limemponyoka likashuka na watu watatu.

Siku ya kurudi unageuza kikaratasi. Xiaobei panda laini 5 upande wa Jiaokou, stesheni moja, shuka Guangzhou Railway Station. Fuata bluu, laini 2, upande wa Jiahewanggang, hapo kaa mpaka mwisho, wote mtashuka. Fuata ya machungwa, laini 3, upande wa Airport North. Tiketi yako uwe umeshaisoma imeandikwa terminal gani kwa sababu Airport South ya Terminal 1 inaanza, Airport North ya Terminal 2 inafuata na ndo mwisho. Ukipitiliza ni stesheni moja tu ya kurudi, lakini acha nafasi ya saa nzima ya ziada, maana siku ya kurudi mabegi yanakuwa mara mbili ya siku ya kwenda.

Mdogo wangu ukisoma hapa, kikaratasi nimekuandikia kiko kwenye droo ya mashine ya risiti, chukua usikipoteze.